Hana, au sioni?

Nilikuwa nafuta video kwenye simu. Saa tano usiku, na simu ilikuwa imenilalamikia tangu asubuhi kwamba imejaa, basi nikakaa kitandani nikaanza kufyeka bila huruma: harusi ya binamu, mahubiri aliyonitumia shangazi, ndama wa watu wasiohesabika. Nikafika kwenye kipande kimoja cha kijivu, sekunde 41, picha ya ultrasound niliyompiga punda mmoja katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo. Nilikuwa nimekiandika "Umeme, Kaptembwa": jina la punda, na mtaa wake hapa Nakuru.

Kidole kilikuwa tayari kwenye alama ya kufuta.

Sijui kwa nini nilikicheza kwanza. Kibofu cha mkojo kikapita, kikubwa na cheusi kama kawaida. Mfuko wa uzazi ukapita, kisha pembe yake ya kulia. Unaona kabisa mkono una haraka, picha inarukaruka. Pembe ya kushoto. Halafu sekunde ya 36, nilipokuwa nimeshaanza kurudisha mkono, kwenye ncha ya pembe hiyo kikajitokeza kiduara cheusi. Hakikumaliza hata sekunde, kikapotea.

Nikarudisha nyuma. Nikasimamisha. Nikakipima kwa vialama vilivyo pembeni mwa picha: milimita tisa hivi.

Wiki tatu kabla ya usiku huo nilikuwa nimemtazama mwenye punda machoni nikamwambia, "Hana."

## Umeme

Aliitwa Umeme kwa kejeli. Kaptembwa nzima hakuna punda mzito wa mwendo kama yule. Baba Ciku aliniambia alipomnunua alidhani jina litamsaidia.

Kazi yake ilikuwa maji. Mitungi 12 ya lita 20, safari nne au tano kwa siku, na kila mtungi shilingi 20 ukifika mlangoni. Hizo ni kilo 240 za maji kabla hujahesabu mkokoteni na Baba Ciku mwenyewe, ambaye mteremkoni hupenda kukaa juu. (Nimemwambia. Anashuka nikiwa pale.)

Siku ile alinipigia simu mchana. Mnunuzi angekuja na lori alfajiri, na karo ya Ciku ilikuwa haijalipwa. Ila palikuwa na jambo moja. Dume la jirani lilikuwa limempanda Umeme, na kama limeacha kitu, haendi popote.

"Mtoto wa punda ni mtaji, daktari. Kama anaye, nitakopa karo kwingine. Kama hana, aende."

"Alipandwa lini?"

"Siku ile stima ilipotea mtaa mzima."

Hiyo siku naikumbuka, nilipoteza chanjo nzima kwenye friji. Nikahesabu kwa vidole: siku 12, labda 13.

Hapo ndipo ningemwambia ni mapema mno. Badala yake nilisema nakuja.

## Mkono mdogo

Wanafunzi wenzangu walinicheka kwa mikono yangu. Kwenye ng'ombe nilikuwa nahangaika, mkono haufiki. Mwalimu mmoja ndiye aliyenivuta kando akaniambia, wewe nenda kwa punda.

Alikuwa na sababu. Mashine hii haiwekwi tumboni kama ile ya kina mama hospitalini. Kwa farasi na punda, mimba changa hutazamwa kupitia njia ya haja kubwa: unavaa glavu inayofika begani, unapaka kilainishi kwa ukarimu, unatoa mavi yote, kisha unaingiza mkono ukiwa umeshika kile kichwa cha mashine, kidogo kama kiberiti kirefu. Ukuta wa utumbo wao huchanika kwa urahisi kuliko wa ng'ombe. Ukichanika, mavi huingia tumboni na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa punda wa kilo 150 nafasi ni finyu zaidi, na mkono mnene ni hatari. Kwa hiyo huu mkono wangu wa kuchekwa ndio unaonilisha.

Mashine yenyewe niliinunua kuukuu, kwa mkopo wa chama, shilingi laki moja na nusu. Haina waya wa umeme wala televisheni ya kubeba. Picha inakuja kwenye simu. Nilipokuwa chuoni tulikuwa na moja ya kusukumwa kwenye meza ya magurudumu, na ilihitaji soketi. Yangu inakaa kwenye mkoba pamoja na chakula changu cha mchana, nakwea nayo bodaboda, nafika mahali ambapo daktari hajawahi kukanyaga.

Nilijivunia hilo. Bado najivunia. Lakini siku hizi nakumbuka pia kwamba kitu kinachobebeka kuja hubebeka vilevile kuondoka.

## Kitu kinachozurura

Zamani mimba ya farasi ilijulikana kwa mkono na kwa subira. Mwaka 1980 Wafaransa wawili, Palmer na Driancourt, wakachapisha walichokiona walipotumia mawimbi ya sauti kutazama mfuko wa uzazi wa farasi. Sauti yenyewe hatuisikii, iko juu mno kwa sikio la binadamu. Inapokutana na maji hupita kimya, na skrini huonyesha weusi. Inapokutana na nyama hurudi kidogo kidogo, kijivu. Mfupa huirudisha kwa wingi, nyeupe, na hewa huvuruga kila kitu. Mimba ya wiki mbili ni kifuko cha maji. Ndiyo maana huonekana kama duara jeusi ndani ya ukungu wa kijivu, na ukiwa na bahati utaona vijistari viwili vinavyong'aa, kimoja juu yake, kimoja chini.

Mambo yangekuwa rahisi kama kifuko hicho kingetulia.

Hakitulii. O. J. Ginther wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikaa na mashine akikifuatilia badala ya kukitazama mara moja tu, na miaka ya themanini mwanzoni akaeleza alichokiona: kifuko kinatembea. Mfuko wa uzazi unakisukuma huku na huko, kutoka ncha ya pembe moja hadi ncha ya nyingine, mara nyingi kwa siku. Huko kuzurura ndiko kunakomjulisha mama kwamba ana mimba. Kisipopita kila kona, mwili wake hauipati habari, homoni ya kurudisha joto la kupandwa inatolewa, na kifuko kinaisha bila yeyote kujua kilikuwepo. Kinatulia siku ya 16 au karibu na hapo, chini ya pembe moja, na moyo utauona ukipiga yapata siku ya 25.

Sasa niweke mimi na Umeme siku ya 12. Kifuko, kama kilikuwepo, kilikuwa na upana wa punje ya hindi na kiko safarini. Ili niseme hakipo, nilipaswa kupita pembe zote mbili hadi ncha, taratibu, kwenda na kurudi, kisha nipumzike nianze tena.

Nilipita mara moja. Jua lilikuwa linapiga skrini, Ciku akanifunika kichwa na simu kwa leso ya mamake ili nione. Betri ilikuwa asilimia 9. Umeme alikuwa amesimama vizuri mno, masikio nyuma, na punda akisimama vizuri hivyo usidhani ametulia. Punda huficha. Nikataka kumwondolea adha.

Sababu zote hizo ni za kweli. Nimezipanga hapa na kuzihesabu usiku mwingi, na hakuna hata moja iliyonilazimisha kusema nilichosema.

## Upande wa Gilgil

Kabla sijamaliza masomo nilikaa miezi kadhaa na daktari mmoja mzee aliyekuwa akihudumia farasi wa polo upande wa Gilgil. Kule farasi jike husimamishwa ndani ya kizuizi cha mabomba, chini ya paa, pana kivuli na taa. Kila mmoja ana karatasi yake. Siku ya 14 anatazamwa. Siku ya 16 anatazamwa. Siku ya 25, kwa ajili ya moyo. Kisha tena karibu na siku ya 45.

Kwa farasi, kule kurudi kuna kazi maalumu. Akibeba pacha kwa kawaida hupoteza wote wawili, au anazaa vitoto dhaifu visivyoishi. Daktari huwatafuta wakiwa bado wanazurura, akakiminya kimoja kati ya vidole na kichwa cha mashine mpaka kipasuke, akaacha kingine. Akichelewa, vimetulia pamoja na kazi inakuwa ngumu. Akichelewa zaidi, kama siku ya 40, hata kama mimba itapotea yule jike hatarudi kwenye joto kwa miezi, kwa sababu mwili bado unadhani unalea.

Na farasi wao walikuwa na uvimbe mdogo wa maji mfukoni, hasa wale waliozeeka. Uvimbe huo ukiutazama ni duara jeusi. Hata vile vijistari vinavyong'aa unaweza kuwa navyo. Nilimuuliza yule mzee anatofautishaje.

"Sitofautishi leo," akasema. "Narudi kesho kutwa. Mimba inakua, na inahama. Uvimbe utaukuta palepale, na ukubwa uleule."

Nilikariri jibu, nikaliandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Nilidhani nimejifunza jambo kuhusu uvimbe.

Umeme, kwa meno yake, alikuwa na miaka 12 au zaidi. Kile kiduara cha sekunde ya 36 kinaweza kuwa mimba. Kinaweza kuwa uvimbe ambao amekuwa nao miaka mitano. Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, nimeikuza, nimeipunguza mwanga, nimeitazama juu chini. Nikaituma kwa wenzangu wawili. Mmoja kasema mimba, wa pili kasema uvimbe, na wote wakaongeza maneno yaleyale: mrudie baada ya siku mbili.

## Lori

Alfajiri ile lori lilikuja kama lilivyoahidi. Mnunuzi alisema punda wanakwenda Narok kubeba maji.

Inawezekana kabisa. Narok kuna kazi nyingi za punda.

Lakini sisi wa Nakuru tulioona miaka ile tukisikia neno lori tunanyamaza kidogo. Kuanzia 2016 palifunguliwa vichinjio vya punda nchini, kimoja Naivasha na kingine pale Mogotio, ngozi zikipelekwa Uchina kuchemshwa kuwa dawa. Punda wa watu walianza kupotea usiku, asubuhi mwenye mkokoteni anakuta kamba. Serikali ikatangaza marufuku Februari 2020, mahakama ikaibatilisha mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ilihesabu kama milioni 1.2.

Punda hubeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine miezi 13 au 14, na huzaa mmoja. Huwezi kuwafuga kama sungura. Ndiyo maana Baba Ciku aliuliza swali lile kabla ya kuuza, na ndiyo maana swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu langu.

## Herufi nne

Hana. Sioni.

Nimekaa na maneno haya mawili kwa wiki kadhaa sasa. La kwanza linamhusu punda. La pili linanihusu mimi, macho yangu, betri yangu na jua la saa nane. Nilichokuwa na haki ya kukisema ni la pili. Nikasema la kwanza, kwa sababu nilikuwa nimekuja na mashine, na mtu aliyekuja na mashine huona aibu kusema haoni.

Mkono mtupu haukuwa na shida hii. Wazee waliopima kwa mkono walisema wazi, ngoja mwezi upite. Hakuna aliyewadharau. Mimi nimekopa laki moja na nusu ili nisiseme ngoja.

Na picha ina nguvu yake. Gilgil niliona mwenye farasi, mtu mkaidi aliyebishana na daktari wiki nzima kuhusu mguu uliovimba, akionyeshwa kano ya nyuma ya mguu kwenye skrini: kijivu kizuri, na katikati tundu jeusi pale nyuzi zilipokatika. Akanyamaza palepale. Farasi akapumzishwa miezi. Nilipenda sana namna picha ilivyomaliza ubishi.

Sikujiuliza ingekuwaje siku ambayo mwenye ubishi ndiye mwenye haki.

## Nilikwenda kumwambia

Nilichukua siku tisa kuamua. Ningemwambia nini? Punda hayupo. Karo imelipwa. Ningemletea mtu mzigo ambao hawezi kuutua popote, ili mimi nilale. Rafiki yangu mmoja aliniambia kukiri kwa namna hiyo ni ubinafsi uliovaa kanzu, na bado nadhani hakukosea kabisa.

Nilikwenda.

Baba Ciku alikuwa anasukuma mkokoteni kwa mikono yake, mitungi minne tu. Nikamwonyesha video tukiwa tumesimama kando ya barabara. Nikamweleza kwamba huenda ni mimba, huenda si mimba, na kwamba siku ile sikupaswa kusema vile nilivyosema. Akaitazama mara mbili, uso karibu na simu.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Dume la jirani lilimrudia siku mbili kabla hujaja. Akalipiga teke. Umeme hajawahi kukataa dume."

Nilikaribia kumweleza. Ishara ile haithibitishi chochote: punda jike akishatoka kwenye joto hukataa dume, awe na mimba asiwe nayo, na siku ile ya kumi hivi angekataa kwa vyovyote. Ni kweli kitaalamu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye swali la kitoto.

"Daktari, wewe ulikuwa na mashine."

Akashika mikono ya mkokoteni. Nilimsaidia kusukuma mpaka kwenye kona, tukiongea habari za Ciku na hesabu zake mbaya. Hakunilaumu. Pia hakusema si neno, na hilo nililisikia vizuri.

Nilitaka kumrudishia ile mia tano ya kipimo. Akaikataa, akasema nikipata punda jike wa bei ya chini nimwambie. Kwa hiyo sasa natafuta punda, kazi ambayo haikuwa kwenye mpango wa biashara niliowasomea wanachama.

## Alhamisi

Wiki iliyopita, Jumanne, niliitwa mtaa wa Rhonda. Punda jike mchanga, mara yake ya kwanza, alipandwa siku 13 zilizopita, na safari hii tarehe ilikuwa imeandikwa ukutani kwa makaa. Mwenyewe ni mama mmoja mwenye sauti kubwa, anauza makaa na maji. Nilimuuliza kila kitu kabla ya kuvaa glavu: anakula vipi, amebadilika nini, dume limerudi lini, wewe mwenyewe unaonaje. Akanijibu kwa mashaka, kama mtu anayeulizwa maswali na mkaguzi wa ushuru.

Nikapita pembe zote mbili hadi ncha. Nikarudi. Nikapumzika, nikapita tena.

"Sioni," nikasema.

"Kwa hiyo hana?"

"Mama, nimesema sioni. Nitarudi Alhamisi."

"Na Alhamisi ni mia tano nyingine?"

"Hapana."

Akatazama simu yangu, akatazama mkono wangu uliojaa mavi, akacheka mpaka watoto wakatoka nje kuona kuna nini. "Sasa hiyo mashine yako kazi yake ni ipi?"

Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni yangu, na mweka hazina wa chama ameshaanza kuniuliza kwa upole hesabu za mwezi huu. Bado sijapata jinsi ya kuzipanga. Kama kila kipimo ni safari mbili kwa bei ya moja, mkopo utaisha mwaka gani sijui. Kama ni bei ya mbili, watu wa mkokoteni hawataniita, watamwita yule anayesema hana kwa mara moja.

Alhamisi nilirudi, saa nne asubuhi. Punda alikuwa ameenda kuchota maji na kijana wa nyumbani, na hakuna aliyejua wangerudi saa ngapi. Nikapindua mtungi, nikaukalia kwenye kivuli cha ukuta, chini ya ile tarehe ya makaa, nikawangoja.